Mgeni wa Baba Hataki Kula

Nilikuwa natania. Hilo naliweka juu kabisa, kabla ya mengine yote, maana watu wetu wa hapa Stockholm wanapenda kusimulia kisa hiki kana kwamba mimi ndiye niliyetaka. Sikutaka. Baba aliniuliza swali, nikajibu upuuzi kama kawaida yangu, nikarudi kwenye simu.

Ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya kuhama. Tangu mama aondoke kwa baba, Rågsved, na kupanga nyumba Hallonbergen, upande mwingine wa jiji, mimi nimekuwa kama kifurushi cha posta: wiki moja kwa baba, wiki moja kwa mama, na kila Ijumaa natoka shule na begi mgongoni, chaja mfukoni, na kiatu kimoja cha michezo ambacho mwenzake siku zote yuko kwenye nyumba ile nyingine. Darasani kwetu nusu ya watu wanaishi hivyo. Wapo mpaka wanaojisifu eti wana Krismasi mbili. Mimi nina Idi mbili, na zote mbili nakula pilau lililopoa.

Shule yangu iko upande wa mama. Kutoka kwa baba ni treni mbili na karibu saa nzima, na asubuhi ya baridi saa nzima hiyo ni ndefu kuliko somo la hesabu. Ndiyo maana mama alishaniambia, huku akikunja nguo, kwa sababu mambo mazito yote mama huyasema akiwa anakunja nguo:

"Mwanangu, Pasaka utaniambia unatakaje. Ukitaka kukaa huku moja kwa moja, sawa. Ukitaka tuendelee hivi, sawa. Hakuna atakayekukasirikia."

Huku mtoto wa umri wangu anaulizwa. Nyumbani Afrika ungeambiwa tu. Na baba alijua kwamba nitaulizwa, mama alimwambia kwa simu. Kuanzia siku ile baba yangu akaharibika.

Aliharibika kwa wema. Zamani alikuwa baba wa kawaida, mwenye kelele zake. Vyombo! Taa! Viatu mlangoni! Na kuliko vyote, Kiswidi. Anaweza kuwa bafuni, maji yanamwagika, mlango umefungwa, ukiponyokwa na neno moja tu la Kiswidi unasikia "Kiswahili!" imelia kama kengele ya moto. Sasa kengele ikazimwa. Nilimjaribu. Nilizungumza Kiswidi kuanzia mwanzo wa chakula mpaka mwisho, nikaongeza na matusi madogo, naye akawa ananijibu huku anatabasamu. Nilificha sahani chini ya kitanda mpaka ikaota ndevu. Aliikuta, akaiosha, akairudisha kabatini bila kusema neno. Nikishuka kwenye treni namkuta amesimama nje ya kituo na chupa ya chai. Nikifungua kitabu anaingia na embe lililokatwa vipande vya mraba, vimechomekwa vijiti, halafu anabaki mlangoni kuona kama nakula.

Baba anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Sifa yake huko ni kwamba anaweza kumlisha mtu yeyote. Mzee akikaza mdomo, akiwageuzia wauguzi wote uso ukutani, wanaitwa baba. Anakaa, anabembeleza, anasubiri, kijiko kinaingia. Nadhani alipoona na mimi nimegeuza uso, akafanya kile anachokijua.

Basi Ijumaa hiyo akasimama mlangoni na embe lake.

"Mama," akaniita. Hivyo ndivyo anavyoniita, kama wababa wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Hivi nyumba hii inakosa nini?"

"Nyoka," nikasema.

Sasa inabidi mumjue baba yangu kidogo. Baba ni mtu wa Tanga, na kwao alikolelewa, jua likishazama mnyama huyo hatajwi kwa jina. Ukimtaja, anakuja. Usiku unasema kamba: nimeona kamba uani, kuna kamba chooni, na kila mtu anaelewa na kupandisha miguu. Kwa Tanga huo ni utaratibu mzuri, kwa sababu usiku unaingia saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Lakini Stockholm mwezi wa Desemba jua linazama saa tisa alasiri na halirudi mpaka karibu saa tatu asubuhi. Kwa hiyo baba yangu, mtu mzima mwenye pasipoti ya Uswidi, alikuwa na saa kama sita tu kwa siku za kumtaja nyoka. Na mimi nilimtaja saa kumi na moja, giza totoro.

Akaweka kidole mdomoni. "Kamba," akanisahihisha kwa upole. "Unataka kamba?"

"Ndiyo. Ndefu."

Nikacheka peke yangu. Yeye hakucheka. Nilidhani ameudhika. Kumbe alikuwa anafikiria.

Wiki mbili baadaye nashuka kituoni, sioni chupa ya chai. Namwona baba tu, uso wake kama wa mtu anayesubiri sindano. Kufika nyumbani, juu ya meza yangu ya kusomea kuna sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu. Ndani kuna machujo ya mbao, bakuli la maji, gome la mti, na chini ya gome kitu chembamba kama waya wa chaja, rangi ya chungwa na mabaka mekundu.

"Kamba ya mahindi," baba akanong'ona. "Ndivyo wanavyoiita huku. Haina sumu. Nimeuliza mara tatu."

Alimnunua kwa mwanamke mmoja wa Hallunda anayefuga na kuzalisha. Kwa kuwa nje kulikuwa na barafu, yule mwanamke alimwambia ambebe karibu na mwili asipate baridi. Na baba akambeba. Kwenye mfuko wa kitambaa, ndani ya koti, kifuani, treni mbili. Huyu ni mtu ambaye mwaka juzi alipanda juu ya kochi kwa sababu ya mpira wa mashine ya kufyonza vumbi.

Maneno "Baba, nilikuwa natania" yalifika mpaka kwenye meno. Kisha nikaiona mikono yake. Ilikuwa bado imelishika koti mbali na kifua.

"Asante, baba," nikasema.

Na hivyo tukaanza ufugaji, mmoja anaogopa, mwingine hataki.

"Amesema tumfanyeje?" nikauliza.

"Amesema tumwache." Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha aibu ya jirani. "Wiki nzima. Asishikwe, asisogelewe, asipewe chakula. Eti mpaka azoee."

"Basi tumwache."

"Tumwache?" Baba akanitazama kama vile nimependekeza tumkaange. "Mgeni amesafiri, amefika nyumba ya watu, hamjui mtu, halafu tumzimie taa tuondoke? Bila hata maji ya kunawa? Atatuonaje?"

"Baba, ni nyoka."

"Sshh! Ni mgeni."

Hapo ndipo jina lilipopatikana. Mgeni. Linafaa mchana na usiku.

Akavuta kiti. Siku ya kwanza alikiweka mlangoni. Jioni iliyofuata kilikuwa katikati ya chumba, na kila siku kilisogea. Alfajiri kabla ya kwenda zamu alikuwa anachungulia: "Mgeni, umeamkaje?" Halafu anajijibu mwenyewe: "Salama, asante." Jioni anamsimulia habari za kazini, nani kaanguka, nani kamtukana. Mimi nimelala kitandani, mto juu ya kichwa, namsikiliza baba yangu akimkirimu mnyama asiye na masikio.

Nilijaribu kuchangamsha nyumba. Niliweka mkanda wangu wa suruali juu ya kiti chake, nikaukunja vizuri, kichwa nimekitokeza. Baba alikaa, akagusa, akaruka, akapiga yowe lililosikika mpaka kwenye lifti. Nikaanza kukimbia, nikijua kandambili inakuja nyuma yangu. Haikuja. Nilipogeuka alikuwa amejishika kifua, anahema, na anatabasamu. "Umenipata, mama," akasema. "Umenipata kweli." Nikauchukua mkanda wangu, nikarudi chumbani bila kucheka.

Wiki haikuisha kabla hajamlisha. Kwenye friji yetu, kati ya samaki na sambusa, kulikuwa na mfuko wa vitoto vya panya vilivyogandishwa, vya rangi ya waridi, kama vidole vya mtoto mchanga. Baba alikiyeyusha kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, akakibana kwa koleo la kugeuzia nyama, akanyoosha mkono wote, akageuza uso pembeni, akafumba macho.

"Karibu," akasema. "Karibu, karibu, jisikie nyumbani."

Mgeni alichomoka kama mshale. Baba akaachia koleo. Tulipochungulia, mkia mdogo wa waridi ulikuwa unapotea mdomoni, na baba akapiga kelele kama timu imefunga dakika za mwisho.

Na mgeni akila, lazima watu waje kumwona.

Wa kwanza alikuwa auntie wa ghorofa ya tatu, Mkenya, mtu wa kanisa na wa chapati. Alifika na chapati kwenye karatasi ya jikoni, akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Aki ya nani," akasema. "Kwani nyinyi mmekosa paka huku Sweden?"

"Njoo umsalimie, dada. Hana neno."

"Mimi nimsalimie? Shetani alikuwa nani kule Edeni? Si ni huyu?"

"Huyu ni wa mahindi."

"Kwa hivyo anakula ugali?"

Alisema hamgusi, na baada ya nusu saa alikuwa amempakata kwenye mkono wa sweta, anaomba apigwe picha nyingine kwa sababu ile ya kwanza imemnenepesha. Jumatano na Alhamisi jioni nyumba ilijaa. Watanzania, Warundi, watoto wa watu, na mzee mmoja wa Kongo aliyesema "Non, non, non," akagoma kuingia, akala chapati zake kwenye ngazi. Mgeni alipita mikono ile yote. Alizungushwa shingoni, alinyanyuliwa kwenye taa, alikaribishwa kwa lugha tano. Baba alikuwa amevaa glavu za kutolea vyungu kwenye oveni na amejaa fahari kama aliyejifungua. Nilikuwa nimepata kusoma mahali kwamba nyoka aliyeshiba haguswi. Nilisema. Nilisema kwa mzaha, nadhani, "Jamani, mtamtapisha mtu," na watu wakacheka.

Ijumaa asubuhi niliamshwa na harufu. Panya alikuwa nje, nusu yake, juu ya machujo. Mgeni alikuwa amejisokota kwenye kona, mbali naye.

Tangu hapo hakula tena.

Mtu mwingine angetulia. Lakini baba huko kazini, mzee akikataa kula, hamwachi. Kumwacha ni kumtupa. Kwa hiyo alimpelekea chakula kila siku. Alibadilisha maji ya kuyeyushia. Alibadilisha koleo. Alimwekea mkeka wa joto wa pili, akaondoa, akarudisha. "Kidogo tu," alimwambia. "Kwa ajili yangu." Kila nilipotoka shule wiki za kwa mama, nilipata ujumbe: hajala. Hajala. Leo amesogeza kichwa. Hajala. Na kila Ijumaa ya pili nikifika namkuta mwembamba zaidi, ngozi imefanya mkunjo ubavuni, macho yameingia ukungu wa buluu. Nikamwambia baba kila mahali wanaandika tumwache. "Ndiyo, ndiyo," akasema, na asubuhi nikasikia koleo.

Januari ikaisha hivyo. Nilianza kuchelewa kwa makusudi siku za Ijumaa. Nilikaa kwenye benchi katikati ya treni na treni, naangalia watu.

Halafu Jumamosi moja mchana, nasugua meno kwenye korido, namsikia baba jikoni anaongea na auntie kwa simu, spika iko wazi kwa sababu alikuwa anamenya vitunguu.

"Huyu akifa, dada, mtoto ana sababu gani tena ya kuja huku?"

"Wewe ni babake," auntie akasema. "Hiyo si sababu?"

"Baba haitoshi. Shule iko kule. Mama yake yuko kule. Marafiki wako kule. Huku kulikuwa na nini? Mimi na friji. Pasaka hiyo inakuja, ataulizwa."

Nikasikia kisu tu kwenye ubao. Nilibaki na povu mdomoni, siwezi kutema, siwezi kumeza.

Jioni hiyo nilimwandikia yule mwanamke wa Hallunda, na Jumapili nikampeleka baba kwa nguvu. Baba anajua Kiswidi vizuri, kila siku anakitumia kazini, lakini akiona aibu kinamkimbia, anarudi kwenye Kiswahili na mimi nageuzwa mkalimani.

Mwanamke alitufungulia akiwa na kandambili za sufi. Sebuleni kwake masanduku yalipangwa mpaka dari, na karibu yote yamefunikwa vitambaa. Akaangalia picha za Mgeni kwenye simu yangu, moja moja.

"Nani amemshika?" akauliza.

"Mwambie wageni wachache," baba akasema.

"Afrika Mashariki nzima," nikatafsiri.

Hakucheka. Akauliza nani anakaa karibu na sanduku, na kwa muda gani. Baba akaniangalia. Nikamwambia yule mwanamke ukweli: baba anakaa naye kila siku anayopata nafasi, anamwangalia, anamwongelesha, anampa chakula asubuhi na jioni.

Yule mwanamke akaongea taratibu, na nikatafsiri taratibu. "Anasema, kwa nyoka, kiumbe kikubwa kinachokaa mbele yake na kumkazia macho siku nzima ni kitu kimoja tu. Ni mtu anayetaka kumla."

"Mimi?" baba akasema.

"Wewe."

"Mwambie mimi ndiye ninayeogopa."

Nikamwambia. "Anasema na yeye anaogopa," nikarudisha. "Anasema funika sanduku lote. Wiki mbili. Maji tu. Usichungulie, usiongee, usimpe kitu. Anakaribia kujivua ngozi na hali yake ni mbaya. Anasema hawezi kutuahidi kwamba atapona."

Kwenye treni ya kurudi baba alikaa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu. Vituo vingi vilipita. "Kumbe nilikuwa namtisha," akasema mwishowe. Nilikuwa nimegeuzia uso dirishani, na kioo kilinionyesha kwamba ananiangalia, halafu kwamba ameacha kuniangalia.

Tulifunika sanduku kwa kitenge. Cha mama, kile alichokisahau nyuma ya mlango na ambacho baba hakuwahi kukiondoa. Baba akatoa kiti chumbani kwangu. Uso wake ungeuweka kwenye mazishi, usingemshangaza mtu.

Tatizo ni kwamba mikono yake sasa haikuwa na kazi, na mtu pekee aliyebaki wa kulishwa nilikuwa mimi. Wiki hiyo embe lilikuja mara mbili kwa siku. Nilikuta kitanda kimetandikwa, kalamu zimechongwa, soksi zimepigwa pasi. Soksi! Jumatano nilikuwa na mtihani siku inayofuata, na mlango ukafunguliwa: unataka chai? Ukafunguliwa: mwanga unatosha? Ukafunguliwa: hakuna, naangalia tu. Mara ya nne aliingia na sahani, akasimama palepale alipokuwa anasimama siku zote.

Nikapiga kelele. Kwa Kiswidi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikamwambia atoke, aache kuniangalia, ananiangalia kama anavyomwangalia nyoka. Nyoka, nikasema, na nje giza lilishaingia zamani.

Nikasubiri. Naapa nilikuwa nasubiri ile kengele. Sema tu, nilikuwa namwomba kimoyomoyo, sema "Kiswahili!", nirushie kandambili, chochote. Baba akainama, akaiweka sahani sakafuni taratibu kama mtu anayemwekea paka, akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Nililia. Na mimi silii, mimi ni mtu wa vichekesho, muulize mwalimu yeyote. Nilipomaliza nikaichukua sahani nikaenda jikoni. Alikuwa amekaa gizani, hajawasha taa.

"Baba, ile siku nilikuwa natania," nikasema. "Sikutaka nyoka."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa unaangalia simu. Mtu hawezi kutaka kitu kwa moyo wake huku anaangalia simu."

"Sasa ulimnunua wa nini? Wewe unaogopa mpaka mpira wa mashine ya vumbi!"

"Ulikuwa unakaa hapa wiki nzima husemi kitu," akasema. "Ndiyo, hapana, asante. Halafu ukasema neno moja. Nikalichukua hilohilo."

Nilikaa kwenye kiti cha pili, kile ambacho kilikuwa cha mama. Nilitafuta utani. Mimi huwa nao, hata msibani unanijia wenyewe. Haukuja.

"Leo nimeongea Kiswidi tangu asubuhi," nikasema. "Na hujaniambia kitu. Unaumwa?"

"Nikikufokea utakwenda."

Tukala lile embe, kila mtu kwa kijiti chake.

Ijumaa nikahamia kwa mama. Wiki hiyo sikupata ujumbe hata mmoja wa "hajala". Mwanzoni nilipumua. Kufika katikati ya wiki nikawa naangalia simu darasani mpaka nikanyang'anywa. Niliporudi Rågsved nilikwenda moja kwa moja chumbani. Kitenge kilikuwa vilevile, mkunjo uleule nilioukunja mimi. Baba hakuwa amekigusa. Alikuwa amesimama korido, hakuingia.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi siwezi. Kama amekufa niambie kwa Kiswidi."

Nikanyanyua upande mmoja. Juu ya gome kulikuwa na ngozi, nzima, kavu, nyepesi kama karatasi ya sigara, kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia. Chini ya gome, Mgeni, mwembamba kama kamba ya kiatu, lakini anang'aa. Ulimi ukatoka, ukarudi.

Jioni tukaweka kitoto cha panya kidogo kuliko vyote kwenye kifuniko cha mtungi, tukashusha kitenge, tukatoka nyumbani kabisa. Tulizunguka mitaa kwenye theluji iliyokuwa inayeyuka, hatuna pa kwenda, baba ameficha mikono mifukoni ili isirudi kule. Asubuhi kifuniko kilikuwa kitupu. Baba hakuamini. Alichukua kijiko akapekua machujo yote, pembe hadi pembe.

"Amekula peke yake," akasema. Alikuwa na furaha, na pia alikuwa ameumia kidogo, niliona. "Hata karibu hakuambiwa."

Pasaka ilipofika nilikuwa Hallonbergen na mama alikuwa anakunja nguo.

"Tuendelee hivi hivi," nikamwambia.

Akakunja fulana. Akaikunjua, akaikunja tena. "Kwa sababu ya hilo joka?"

"Hapana."

"Kwa sababu unamhurumia baba yako?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilijua jibu la kuchekesha na sikulitoa. "Sijui," nikasema.

"Huruma inachosha, mwanangu. Mimi naijua."

"Basi nikichoka nitakuambia."

"Sawa," akasema. "Nilisema hakuna wa kukasirika." Akapeleka nguo kabatini, halafu akaingia bafuni akafungulia maji. Nyumba za huku kuta zake ni nyembamba, na bomba halina sauti ya kutosha kumficha mtu anayelia. Nilikaa palepale kitandani nikipanga soksi zake mbili mbili, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya. Hata sasa nikiwa kwenye treni katikati ya nyumba mbili, hiyo sauti ya maji huwa naisikia. Wakati mwingine nashuka nimechoka kweli, na sijamwambia.

Ijumaa ya mwisho wa Mei nilishuka Rågsved, hakuna mtu kituoni. Hakuna chupa ya chai. Nilipanda ngazi na begi langu na kiatu kimoja, nikafungua mlango, nikatupa viatu katikati ya korido, nikatangaza kwa Kiswidi kwamba nakufa njaa.

Kimya. Kikakaa kirefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Kiswahili!" ikatoka bafuni.

Haikuwa ile ya zamani. Ilikatika katikati kama injini ya gari lililolala nje siku nyingi, na ndani yake kulikuwa na woga, niliusikia vizuri tu. Alikuwa anajaribu. Ikapita nukta, kisha: "Na viatu hivyo!"

Nilirudi korido nikavipanga ukutani, polepole, mgongo wangu kwenye mlango wa bafu.

"Kuna chakula?" nikauliza, Kiswahili safi.

"Nyoka amekula," baba akasema akitoka na taulo begani. "Sisi bado. Menya vitunguu."

Ilikuwa saa mbili usiku na jua lilikuwa bado liko dirishani, kwa hiyo aliruhusiwa kumtaja.